Chura Mgeni Aliyesuguliwa Mchanga

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale mafuriko yalimzoa Bi Kucha, chura wa nchi ya mbali, pamoja na mwanawe Kidoti. Yakawatupa kando ya bwawa la Gongo. Gongo alikuwa chura mkubwa wa pale, mwenye tumbo kubwa na kiburi tele.

Desturi ya vyura wa bwawa lile ilikuwa hii: mtoto wa mgeni husuguliwa kwa mchanga mkavu mpaka ugeni umtoke. Asiposuguliwa, haingii majini. Ndiyo desturi, usiniulize mimi.

"Mlete," akasema Gongo.

"Ataumia, baba," akasema Bi Kucha.

"Basi rudini mlikotoka."

Warudi wapi? Bi Kucha akamtoa mwanawe. Wakamsugua, kwaru, kwaru, kwaru! Ute wote ukamtoka. Na kwenye ute ule viliishi vijidudu vidogo mno, jicho halivioni, walinzi wa ngozi. Vingine Kidoti alivipata kwa mama yake, vingine kwenye maji ya kwao. Vyote vikabaki mchangani. Na bado Gongo hakumruhusu kuingia majini, eti ugeni haujamtoka.

Hazikupita siku nyingi, ukungu mweupe ukaota mgongoni mwa Kidoti. Hali, haruki, halii. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye aliyekuwa anakufa.

Gongo akaja kumtazama. "Ugeni bado umo. Msugueni tena."

"Hamumgusi," akasema Bi Kucha. "Mmemwondolea kinga ya kwao, na ya kwenu mmemnyima. Mnataka kumsugua nini tena?"

Akambeba mwanawe mgongoni, ngozi kwa ngozi. Hakuomba ruhusa. Chubwi! Akaingia bwawani, akatulia kwenye tope. Jua likazama, likachomoza, wako palepale. Vijidudu vya mama vikahamia kwa mtoto. Si vyote, ila vile vilivyozoea ngozi ya ukoo ule. Vya bwawa navyo vikampanda. Ukungu ukaanza kubanduka, kidogo kidogo.

Kidoti akafumbua macho. "Mama, nina njaa."

Bi Kucha akalia kwa furaha. Gongo akasogea, akamnusa mtoto.

"Mbona ana harufu ya bwawa letu?"

"Nusa tena," akasema Bi Kucha. "Ana na ya bibi yake, aliyenizaa mimi."

Gongo akanusa tena. Akawapisha wakae bwawani.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: kila kiumbe kimefinyangwa na ukoo wake na mahali kinapoishi. Ukikikwangua ili kifanane nawe, unakiua. Ngano yangu imekomea hapo, aliye na yake aitoe.