Makofi Mawili Mkekani

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakumaanisha kwamba mtu apende kushindwa. Hakuna mwenye akili timamu apendaye hilo. Walimaanisha kwamba anayeingia uwanjani akiwa ameapa kutoshindwa kamwe hakuja kushindana, amekuja kugombana. Wengi huiimba methali hii kama kasuku baada ya mechi, hasa timu yao ikiwa ndiyo iliyoshinda. Fundi mmoja wa vigae aliielewa kwa goti lake.

Fundi huyo watu walimwita Zege. Alikuwa na kifua kipana, shingo fupi na mikono iliyokauka kwa saruji. Kutwa nzima alikuwa amepiga magoti, akipaka gundi sakafuni, akilaza kigae, akikigonga kwa nyundo ya mpira na kukipima kwa pimamaji. Mama yake, ambaye waliishi pamoja, alizoea kusema kwamba wengine hula kwa jasho lakini mwanawe anakula kwa magoti. Ungedhani mtu kama huyo angeyatunza magoti yake kama mboni ya jicho. Wapi!

Jioni tatu kila wiki Zege alikwenda kwenye ukumbi uliokuwa juu ya duka la mapazia, kufanya mazoezi ya jiujitsu. Huo ni mchezo wa kukabana chini, usio na ngumi wala mateke. Mshindi ni yule anayemtia mwenzake kabari au kumkunja kiungo hadi akubali yaishe. Kukubali ni kupiga makofi mawili mkekani, au kutamka "basi" ikiwa mikono imebanwa. Mwenzako akipiga, unaachia papo hapo, bila swali wala nyongeza.

Ilikuwapo mbinu moja iliyozua mabishano katika vilabu vingi, nayo ni kupinda kisigino. Viungo vingine huuma kabla ya kuumia. Kisigino kikizungushwa, mzigo wote huenda gotini, na goti halipigi hodi. Kwa hiyo vilabu vingi viliipiga marufuku. Kocha wao, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, aliifundisha kwa masharti. Aliyekishika kisigino hapindi; anasema "nimeshika" na kungoja. Aliyeshikwa anapiga.

"Msingoje maumivu," aliwaambia. "Kwenye mbinu hii, maumivu ni barua ya tanzia. Yanakuja kuwaarifu kwamba mambo yalishakwisha."

Maneno hayo yaliingia sikio la kulia la Zege na kutokea la kushoto.

Mwenzake wa mazoezi alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba aliyemzidi miaka kumi na kuzidiwa naye kilo ishirini. Wote wawili walikuwa wameteuliwa kuiwakilisha klabu katika mashindano yaliyokuwa yakikaribia, yeye upande wa wanawake na Zege upande wa wanaume. Klabuni walimtania kwamba anayeweza kuwavalisha viatu watoto thelathini kwa mpigo hawezi kubabaishwa na mtu mmoja mwenye ndevu. Na kweli, hakubabaishwa.

"Nimeshika," alisema Mwalimu jioni moja, kisigino cha Zege kikiwa kwenye kiwiko chake.

Zege alisikiliza mguu wake. Kimya. "Mbona hata siumwi?"

Mwalimu akaachia. Zege akamrukia na kumtia kabari, naye akapiga makofi mawili mara moja, akatabasamu, akajiweka sawa kuanza upya. Walipokuwa wakivaa viatu, Zege alitangaza, "Mmeona? Kanishika kisigino, kashindwa kunimaliza. Zege halilali!" Mwalimu aliyasikia yote. Alifunga kamba za viatu vyake, akaaga.

Mchezo huo ulitokea mara tatu kwa jumla. Mara ya nne zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano.

"Nimeshika, Zege. Piga."

Zege hakupiga. Aliamua kujinasua, akajizungusha kwa uzito wake wote, tena upande uleule ambao Kocha alikuwa amewaonya kila siku wasigeukie. Mwalimu alifungua mikono upesi, ila kidole chake kidogo kilikuwa kimenasa kwenye pindo la suruali ya Zege. Zege akabiringika nacho. Ukumbi mzima ulisikia kitu kikilia ko!

Zege aliganda. Lo, goti langu! Akalipapasa, akalikunja, akalikunjua. Lilikuwa zima kabisa. Ndipo alipogeuka na kumwona Mwalimu amekaa, ameushika mkono wake, kidole kimepinda kama msumari uliogongwa vibaya.

"Angeng'ang'ania kama unavyong'ang'ania wewe," Kocha alisema bila kupandisha sauti, "sasa hivi tungekuwa tunakubeba."

Zege alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwalimu, kwa nini uliachia? Si ungeshinda?"

"Ningeshinda nini?" Mwalimu alijibu, jasho likimtoka. "Kesho ungepiga goti kwa kipi, kaka? Kwa kiwiko?"

"Na zile siku nyingine?"

"Hizo nazo. Siku zote nilikuwa nakurudishia mguu wako, wewe unadhani umenitoroka."

Zege alimpeleka hospitali. Daktari alisema kidole kimevunjika, asishindane kwa wiki sita. Mwalimu alikuwa amejiandaa mwaka mzima. Hakulalamika, aliuliza tu kama ataweza kushika chaki. Swali hilo lilimchoma Zege kuliko tusi.

Nyumbani alimsimulia mama yake bila kujipendelea. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Huyo mtu katutunzia riziki. Umemshukuru?"

"Nimemwomba radhi, Mama."

"Radhi ni ya kosa, mwanangu. Shukrani ni ya wema. Usizichanganye."

Wiki mbili zile Zege alijifunza kupiga. Mwanzoni kila kofi lilikuwa kama kumeza mwiba. Akisikia "nimeshika," anapiga. Wakati mwingine anapiga hata kabla neno halijaisha, wenzake wakacheka na yeye akacheka. Ajabu ni kwamba kadiri alivyopiga ndivyo alivyoanza kuona mahali anapokosea, kwa maana sasa alikuwa na nafasi ya kurudia.

Siku ya mashindano alishinda pambano la kwanza. La pili alikutana na kijana mwenye miguu mirefu. Zege aliongoza kwa alama, ikabaki dakika moja. Mara akahisi kisigino chake kimeingia kwenye kiwiko cha mtu. Mashindanoni mbinu hiyo iliruhusiwa, ila hakuna wa kukuambia "nimeshika." Hakuna kilichouma. Watu walipiga kelele, "Toka! Toka!"

Zege akapiga makofi mawili.

Ukumbi ulishusha pumzi kwa masikitiko, na mmoja akazomea. Zege alimpa mshindi mkono, akaenda kukaa karibu na Mwalimu, aliyekuja na mkono wake uliofungwa bendeji. Moyo wa Zege bado ulikuwa ukimnong'oneza kwamba labda angetoka.

Kisha ikaja fainali. Yule mwenye miguu mirefu akamshika kisigino mpinzani wake, mtu shupavu, naye akakaza meno akingoja maumivu. Yalikuja. Watu walionyamaza kwanza ni wale waliokuwa karibu, kisha ukumbi wote. Alibebwa kwa machela, uso ameufunika kwa mikono yote miwili.

Machela ilipopita, Zege alisimama kuipisha. Alisimama kwa miguu yake miwili, akaitazama, halafu akamgeukia Mwalimu. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha.

"Mwalimu, asante."

"Umeshindwa ndipo unanishukuru?"

"Nakushukuru kwa sababu nimesimama. Ulishindwa mara nne kwa ajili yangu, na mimi nikakucheka."

"Usinishukuru mimi peke yangu," Mwalimu alisema, akimpigapiga begani kwa mkono mzima. "Leo mkono uliopiga ni wako."

Jumatatu asubuhi fundi wa vigae alipiga magoti yake yote mawili kwenye sakafu mpya, akaanza kazi huku akijiandaa kwa mazoezi ya jioni. Yule shupavu wa fainali hangerudi mkekani mwaka ule. Ama kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.