Pini Isiyokatika

Pini isipokatika, hukatika mkono. Mmemsikia Mama Tulizo akimwambia hivyo mwanawe anayekataa kumwomba radhi baba mkwe wake, nanyi mkaangua kicheko, mkidhani ni pini ya kufungia kitambaa. Msicheke. Msemo huo ulizaliwa na maumivu, na aliyeumia hakuwa na kosa. Tulieni niwaeleze ulikotoka.

Miaka ile watu wa Njombe walipoanza kukata miti ya miwati na kupanda maparachichi, kikundi cha kijiji hiki kilipata mashine ya kuchimbia mashimo. Watu waliiita keekee. Ilikuwa chuma kirefu kilichosokotwa mfano wa parafujo, juu yake injini ya petroli, na watu wawili waliishika kwa mikono yake miwili ya chuma wakitazamana. Kati ya injini na chuma palipita pini moja ndogo kama kidole cha mtoto. Pini hiyo ndiyo iliyoviunganisha.

Keekee ilikabidhiwa kwa Fundi Lutengano Mtewele. Nani mwingine? Alikuwa fundi wa baiskeli, majembe na mashine za kusaga, na sifa yake ilikuwa moja: alichokiunga hakikatiki tena. Alilijua hilo, akalipenda kupita kiasi. Watu walimsifu mpaka akaamini kwamba kitu kikivunjika mikononi mwake, basi yeye ndiye aliyevunjika.

Mtaalamu aliyeileta mashine alimwachia kopo la pini na kumwambia, "Fundi, hizi ni za kukatika." Lutengano aliitikia kwa adabu. Moyoni alisema, kumbe wametuletea feki.

Tusimwonee, mengine yote aliyashika. Kila asubuhi alikagua oili na kukaza nati. Aliyekuja na shati linalopepea au mtandio shingoni alimrudisha nyumbani. Udongo ukinasa kwenye chuma, hakuugusa mpaka amezima injini na kuchomoa waya wa plagi. Mshika mkono mwenzake alikuwa Obadia, mdogo wake wa tumbo moja, mwashi aliyejenga nusu ya nyumba mnazoziona hapa.

Tatizo lilikuwa mizizi. Miwati ilikatwa juu, mizizi ikabaki chini. Keekee ikikutana na mzizi, tak! pini inakatika, chuma kinasimama, injini inanguruma bure. Wanazima, wanatoa vipande, wanaweka pini nyingine. Kuna siku zilikatika sita. Mvua ilikuwa inakaribia, miche inanyauka vivulini, na wanakikundi wakaanza kunong'ona. Mmoja hakunong'ona, alisema wazi, "Siku hizi hata vya Lutengano vinakatika!"

Maneno hayo yalimchoma. Alikwenda kibandani kwake, akachukua kipande cha springi ya lori, akakichoma moto, akakipiga tupa mpaka kikaingia kwenye tundu sawasawa.

Obadia alipokiona kesho yake shambani, mbele ya wanakikundi, alisita. "Kaka, yule bwana si alisema pini ni ya kukatika?"

"Ulishaona wapi fundi akatengeneza kitu ili kivunjike?"

"Sijaona. Ila nauliza, hiyo isipokatika, kitakatika nini?"

"Wewe jenga kuta zako, Obadia. Chuma niachie mimi."

Mdogo akanyamaza. Kwetu mdogo hamjibu kaka yake mara mbili mbele za watu.

Siku tatu walichimba bila kusimama, na watu wakaimba sifa. Siku ya nne kulikuwa na ukungu na manyunyu. Karibu na korongo, keekee ilizama ardhini kina cha goti, ikakamata shina zima la mwati chini ya ardhi. Chuma kikagoma kuzunguka. Injini haikugoma. Pini ikashika, kama Lutengano alivyotaka ishike, na kwa kuwa chini hapakuzunguka, pakazunguka juu. Ile mikono ya chuma iliruka kwa nguvu. Lutengano alitupwa pembeni. Obadia alikuwa bado ameshikilia, na mkono wake wa kulia ukaingia kati ya mashine na kisiki kilichokuwa kando.

Aliyekuwepo hakuusahau mlio ule.

Hospitalini walimfunga Obadia plasta kuanzia bega. Lutengano aliketi kando ya kitanda tangu asubuhi, kofia mkononi, asijue aanzie wapi. Obadia ndiye aliyeanza.

"Kaka, pini ilikatika?"

"Haikukatika."

"Basi uliitengeneza vizuri."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lutengano zaidi. Alitaka kusema nisamehe. Hakuweza, maana tangu utoto hakuwahi kulitamka neno hilo. Akaaga, akaondoka.

Mfupa uliunga vibaya. Obadia hakuinua tena tofali, na nyumba yake mwenyewe ilibaki imefika usawa wa madirisha.

Wiki moja baada ya ajali kikundi kilikusanyika shambani, mashimo yakiwa bado mengi. Mwenyekiti alimwambia Lutengano kwa upole, "Fundi, irudishe tu ile ngumu, tutachimba kwa uangalifu. Hizi laini zitakatika tena."

Lutengano alikuwa ameshika pini laini kiganjani.

"Zikatike," alisema. "Pini isipokatika, hukatika mkono. Na mkono wenyewe si wangu, ni wa mdogo wangu. Aliniuliza mbele yenu, nikamnyamazisha. Mimi ndiye niliyekosa."

Akalia, mtu mzima, ukungu ukimlowesha. Hakuna aliyemtazama usoni. Kisha akaweka pini laini, mwanakikundi mmoja akashika upande wa pili, Lutengano akawasha mashine, na kila ilipokatika alizima, akachomoa waya, akaokota vipande, akaweka nyingine.

Jioni watu walimpelekea Obadia maneno ya kaka yake. Alikuwa ameketi, mkono ukiwa umelala mapajani. Mwishowe akasema, "Amesema kweli. Lakini angekatika yeye mapema, siku ile nilipomuuliza, ningekuwa najenga."

Waliishi kwa amani, msifikiri walichukiana. Ila mkono haukurudi. Sasa nendeni mkamwambie mtoto wa Mama Tulizo, kabla jua halijazama, kwamba pini isipokatika, hukatika mkono.