Bi Nyamizi Alivyogawa Kompyuta

Isomeni hii polepole, hasa ninyi mliozaliwa tumbo moja na siku hizi mnasalimiana kupitia kwa watoto. Ukimaliza, mtumie ndugu yako. Usiongeze neno.

Huko Tabora aliishi mama mmoja muuza asali, jina lake Bi Nyamizi. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, akamwachia kiwanja kikubwa na wana wawili. Mkubwa, Maganga, alikuwa mwalimu wa sekondari. Mdogo, Mrisho, alitengeneza kadi na video za harusi. Wote wawili walijenga kwenye kiwanja hicho hicho, milango ikitazamana, nyumba ya mama yao ikiwa pembeni mwa uwanja.

Milango ilitazamana, wenyewe hawakutazamana.

Chanzo kilikuwa harusi ya binti wa Maganga. Maganga alitoa hotuba ya baba wa bibi harusi, hotuba aliyoiandaa kwa muda mrefu na kuisoma kwa muda mrefu zaidi. Mrisho alipoketi kutengeneza video aliona wageni wanapiga miayo, akaikata hotuba yote. Hakubakiza hata salamu. Siku ukoo ulipokusanyika kuitazama ile video, Maganga alisubiri ajione. Akasubiri, akasubiri, mpaka akaona keki inakatwa. Akasimama mbele ya wakwe zake.

"Umenifuta kwenye harusi ya mwanangu," alisema, kisha akatoka nje.

Mrisho alijua moyoni kwamba angepaswa kumuuliza kaka yake kwanza. Lakini alikuwa amesemwa mbele za watu, na mtu akisemwa mbele za watu huona yeye ndiye aliyekosewa. Basi naye akanuna. Siku zikawa miezi, na kile kilichoanza kama hasira kikageuka mazoea.

Msimu mmoja asali ikatoka vizuri, Bi Nyamizi akauza mpaka madumu yakabaki matupu. Mrisho akaona hapo ndipo pa kusemea shida yake. Kwa muda mrefu alikuwa akikodi kompyuta kwenye duka la steshenari, huku kila anayepita akichungulia kazi yake, na wateja walikuwa wameanza kuchoka kusubiri. Akamwendea mama yake, akavuta kigoda, akamweleza kwamba anaomba amnunulie laptopu. Akaisifia kweli kweli: unaikunja, unaitia begini, unakwenda nayo ukumbini, na umeme ukikatika yenyewe inaendelea tu.

Bi Nyamizi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama anaweza kuitumia pamoja na kaka yake.

"Mama, na yeye? Bora nikose," Mrisho akajibu.

Asilolijua ni kwamba asubuhi ile ile Maganga naye alikalia kigoda kile kile. Naye aliomba laptopu, ya kuandalia mitihani ya wanafunzi wake. Naye aliulizwa swali lile lile, na jibu lake halikutofautiana sana na hilo.

Haikupita wiki, Bi Nyamizi akaenda dukani na Kalunde, mke wa Maganga. Wakarudi na bajaji ya mizigo imejaa. Mama akamkabidhi kila mwanawe boksi lake, akaingia kwake kuchuja asali.

Mrisho alilibeba lake mbio mbio hadi chumbani. Alipolifungua, akakuta kioo cha kompyuta ya mezani. Kikubwa, chembamba, kinang'aa, na hakina uhai wowote. Akapekua boksi, akatoa maplastiki yote, hapakuwa na kitu kingine. Akiwa bado anashangaa, akasikia sauti ya Maganga kutoka ng'ambo ya uwanja, ikimuuliza mama, "Mbona hili langu halina pa kutazamia?"

Wote wawili wakafika mlangoni kwa mama yao kwa wakati mmoja, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Bi Nyamizi hakuinua macho kwenye chujio.

"Hakuna kilichokosewa," alisema. "Mrisho nimempa kioo. Maganga nimempa sipiyu, ndiyo ubongo wenyewe. Kibodi, kipanya na nyaya viko kwangu, maana na mimi ni mtu wa nyumba hii."

Mrisho aliona mama yake amezeeka, au labda fedha hazikumtosha. Jioni akamtuma mkewe kwa Kalunde, aazimwe ile sipiyu kwa siku moja tu. Jibu likarudi kwamba sipiyu haitoki, ila kioo kikipelekwa kitapokelewa. Mrisho naye akaapa kioo hakivuki uwanja. Basi sipiyu ikakaa kwa Maganga ikiwekewa gazeti na glasi za chai juu yake, na kioo kikakaa kwa Mrisho juu ya kabati. Mkewe akagundua kwamba kikiwa kimezimwa kinafaa kujitazamia akichana nywele.

Kisha ikaja kazi kubwa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anaoza binti yake, akataka kadi na video, vyote kwa Mrisho, mradi kadi zitoke upesi. Mrisho alienda steshenari akakuta mashine imeharibika. Akarudi nyumbani, akakaa, akasimama, akakaa tena. Kazi ile ikipotea, nyingine ya namna ile asingeiona karibuni. Mwishowe akakishusha kioo kabatini, akakifuta mafuta ya nywele, akakikumbatia kama mtoto na kuvuka uwanja.

Barazani kwa mama yake alimkuta Maganga, sipiyu begani, jasho linamtoka. Mitihani ya majaribio ilikuwa imemkaribia, naye hakuwa ameandika hata swali.

Wakaingia wote wawili. Ndani kulikuwa na meza mpya na viti viwili, na kibodi imeshapangwa. Wakaweka kila mtu chake. Maganga hakujua waya upi unaingia wapi, akawa anausukuma usipoingia.

"Mama, mwambie mwanao huo ni wa upande wa pili," Mrisho akasema.

"Mwambie mwenyewe," mama akajibu. "Mimi mikono ina asali."

Maganga akaendelea kusukuma waya. Mrisho akaona sasa utavunjika.

"Kaka," alisema, "geuza hiyo sipiyu."

Maganga akaigeuza. Waya ukaingia. Kioo kikawaka, na mwanga wake ukawaangaza wote wawili, wakajikuta wanatabasamu kabla hawajakumbuka kwamba wamenuniana.

Wakakubaliana kupokezana. Ila kulikuwa na jambo ambalo hawakulifikiria: hakuna aliyekubali kuondoka na kuacha mali yake mikononi mwa mwenzake. Hivyo mmoja alipofanya kazi, mwingine alikaa pembeni kulinda. Na mtu akikaa pembeni lazima atazame.

Maganga akatazama jinsi mdogo wake anavyohangaika na picha moja, akiirudia na kuirudia mpaka mama wa bwana harusi aonekane anacheka badala ya kufumba macho. Hakuwahi kudhani kwamba kazi ile ina uvumilivu kiasi hicho. Siku nyingine akaona kwenye kadi jina la babu wa bibi harusi limekosewa, akanyoosha kidole bila kusema. Kadi zilikuwa karibu kwenda kuchapwa. Mrisho alishusha pumzi kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani. Naye siku iliyofuata akamchorea kaka yake ramani ya mtihani, safi, mito na milima inaonekana, na wanafunzi wakauliza shuleni nani kaichora.

Ndipo alasiri moja Maganga akauliza, macho yakiwa kwenye kibodi, "Ile hotuba ilikuwa mbaya sana?"

Mrisho akavuta kiti chake karibu.

"Ilikuwa ndefu, kaka. Lakini haikuwa haki yangu kuikata bila kukuuliza. Nisamehe."

Maganga alimtazama, kisha akaanza kucheka mpaka kiti kikalia. Akasimulia kwamba yeye mwenyewe, akiwa katikati ya kusoma, alimwona mkwewe amelala mdomo wazi, akaendelea kusoma kwa ubishi tu. Akamwomba radhi naye kwa kumwaibisha mbele za watu. Bi Nyamizi alikuwa chumba cha pili. Hawakumsikia akisema neno, ila walisikia chujio limesimama.

Kazi zikaongezeka. Maganga akawa anakagua maandishi ya kadi, Mrisho anachapa mitihani ya shule nyingine. Fedha zikapatikana, na ndugu wale wakaona sasa wanaweza kumpumzisha mama: kila mmoja anunue laptopu yake, ile kompyuta ya mezani wamwachie. Wakaenda dukani pamoja.

Muuzaji akawawekea laptopu mbili nzuri. Katika mazungumzo Mrisho akamtajia kwamba mama yao, muuza asali, alinunua kompyuta pale pale. Muuzaji akaacha kufunga mzigo.

"Kumbe ninyi ndio wanawe," alisema. "Yule mama nilimwambia fedha zake zinatosha laptopu mbili. Nilishaanza kuzifunga. Akanizuia, akaniuliza kitu ambacho sijaulizwa na mteja yeyote: kati ya hizi zote, ni ipi naweza kuigawa mara mbili isife? Nikamwonyesha ya mezani. Akasema nimpe hiyo, na kilichobaki kikanunua meza na viti viwili."

Mrisho alimgeukia kaka yake. Maganga alikuwa amesimama tu, mkono juu ya laptopu, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Muda wote ule walikuwa wamesema mama alikosa fedha za kutosha, na Mrisho hata aliwahi kumhurumia kwa hilo. Akaisukuma laptopu yake taratibu, ikarudi upande wa muuzaji. Maganga akasukuma ya kwake.

Walirudi mikono mitupu. Bi Nyamizi alikuwa barazani na ndoo yake, akawauliza hizo laptopu ziko wapi.

"Tumeziona, Mama," Maganga akasema. "Ni nyepesi mno."

Bi Nyamizi akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba wameshajua.

"Basi naweni mikono," alisema, "mje mnishikie chujio."

Funzo: Unapochagua chombo cha kuingiza nyumbani, usiangalie tu kasi yake na wepesi wake, jiulize kitawaweka wapi watu wako, karibu au mbali.