Lango Lisilokosea

Si zamani sana, Bwana Mselem, tajiri ambaye kisima cha mtaa kilikuwa uani kwake, alimwachisha kazi bawabu akafunga langoni mashine inayotambua sura za watu. Siku Bi Mwatime alipovimba shavu kwa jino bovu, mashine ilimkataa, akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Majirani wakamtuma Shebwana kinyozi, mtu mwenye maneno matamu.

"Bwana, tuwekee japo kengele ya kumwita mtu."

"Ya nini? Mashine haikosei. Ikimkataa mtu, basi huyo ni mwongo."

"Hapo umesema," Shebwana alijibu kwa adabu. "Nawe kesho unaoa, bwana. Na ndevu hizi, wageni si watakudhani baba wa bibi harusi?"

Mselem akajishika kidevu. Adhuhuri alikuwa amekaa kitini kwa Shebwana, akatoka uso laini kama yai, akitabasamu njia nzima mpaka kwake.

Lango halikufunguka. Akarudi nyuma, akasogea, akatoa macho, wapi! Jua likamchoma kidevu. Majirani wakakusanyika na ndoo zao.

"Shebwana! Waambie mimi ni nani! Si umeninyoa sasa hivi?"

Shebwana akamtazama kwa huruma. "Mimi nakufahamu, bwana. Lakini mimi ni mtu tu, na mtu hukosea. Isiyokosea ni mashine, nayo imekukataa."

Mselem akajifunika kidevu kwa kiganja.

"Mwiteni bawabu wangu," alisema taratibu. "Na hiyo kengele, iwe kubwa."