Bi Pimbi na Kamati ya Viti

Mpo?

— Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Basi yaacheni wazi, ngano inapita.

Kulikuwa na nchi ya majimbo mengi, na kila jimbo lilipeleka wajumbe wawili kwenye Baraza. Jimbo la tembo wawili, jimbo la panya wawili. Wakubwa hawakuupenda utaratibu huo, lakini ndio uliokuwapo.

Mmoja wa wajumbe wa jimbo la Majabalini alikuwa Bwana Pimbi. Mwaka wa ukame, Bwana Pimbi alikwenda kunywa kwenye chemchemi ya mbali, mwendo wa nusu siku, kwa sababu bwawa la karibu lilikuwa la Kiboko. Njiani tai akashuka. Vuup. Bwana Pimbi hakurudi.

Desturi ya Baraza ilikuwa mjane ashike kiti cha marehemu mpaka uchaguzi. Wajumbe walimpa Bi Pimbi pole, wakamtafutia mahali pa kukaa, wakasahau kwamba yupo. Siku iliyofuata akaleta mswada: wanyama wadogo wafunguliwe sehemu moja ya ukingo wa bwawa, wanywe karibu na nyumbani. Huko Majabalini, kila wiki tai alichukua mtoto mmoja, wiki nyingine wawili.

Kiboko alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maji kwa miaka ishirini. Hakuupinga mswada. Alisimama tu, akaongea. Kanuni ilikuwa hivi: mjumbe akishapewa nafasi, hakatizwi. Anasema mpaka aketi, au mpaka atoke kikaoni. Hapo ndipo kura hupigwa. Na kikao cha mwaka kilikuwa cha siku saba. Siku saba zikiisha kabla ya kura, mswada umekufa.

Siku hizo Baraza lilikutana ukingoni mwa bwawa. Kiboko aliingia majini mpaka shingoni na kumweleza kila mtu habari za babu yake. Kiboko akaongea. Siku saba zikaisha. Mswada ukafa.

Uchaguzi ulipofika, Majabalini wakamchagua Bi Pimbi tena, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Akarudisha mswada ule ule. Kiboko akaongea. Siku saba zikaisha. Mswada ukafa.

Lakini mwaka huo Bi Pimbi alikuwa amekaa mbele kabisa, akamtazama. Aliona kwamba mgongo wa Kiboko ukitokeza juani kidogo tu, mwenyewe anazama, blup, kisha anaibuka na kuendelea na babu yake.

Kwa kuwa alikuwa mgeni, Baraza lilimweka kwenye Kamati ya Viti na Kivuli. Kazi yake ilikuwa kuamua kikao kikae wapi na nani akae karibu na nani. Hakuna aliyeitaka. Ngiri, mjumbe wa mbugani aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimwambia, "Shemeji, hapo wamekupa ufagio."

"Basi tutafagia," Bi Pimbi akasema.

Mwaka wa tatu akamwendea Kiboko. Akamwambia kamati inafikiria kulihamishia Baraza juu ya Jabali Kuu, ambako sauti ya msemaji husikika majimbo saba. Huko kuna jiwe moja bapa, zuri sana, na Tembo amekwisha kulitazama. Hilo lilikuwa kweli. Tembo alilitazama siku moja akipita.

"Pana kiasi gani?" Kiboko akauliza.

"Pana mno, Mheshimiwa. Sijui kama hata Tembo ataweza kulijaza."

"Andika jina langu."

Kikao kikafunguliwa juu ya Jabali Kuu, asubuhi. Spika alikuwa Korongo, aliyeongoza Baraza kwa mguu mmoja. Bi Pimbi akawasilisha mswada. Kiboko akasimama kwenye jiwe lake.

Kiboko akaongea, jua likapanda. Akamaliza babu, akaingia kwa bibi. Kiboko akaongea, jua likapanda. Akataja aina za tope, moja moja. Kiboko akaongea, jua likapanda. Pimbi wote wa jimbo walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mawe, wanaota jua kama kila siku.

Adhuhuri jasho jekundu lilikuwa linamtiririka Kiboko mabegani. Ngiri akasema afadhali mzee apumzishwe. Bi Pimbi akasema hapana, Mheshimiwa ana haki ya kumaliza hoja yake, na yeye binafsi angependa kusikia zaidi juu ya tope.

Kiboko akaomba mapumziko mafupi. Korongo akatangaza kwamba mapumziko yataruhusiwa iwapo hakuna anayepinga.

Bi Pimbi akainua kidole kimoja.

Kiboko akasema maneno mengine manne. Kisha akageuka, akashuka jabali, gudu, gudu, gudu. Wajumbe wakasikiliza. Chubwi.

"Mjumbe ametoka kikaoni," Korongo akasema. "Tupige kura."

Waliokubali thelathini na mmoja. Waliokataa kumi na mmoja.

Jioni Bi Pimbi alishuka bwawani kumpelekea Kiboko nakala yake, kama kanuni inavyotaka. Kiboko alikuwa amebakiza pua tu juu ya maji.

"Umenitoa barazani, we mwanamke mdogo."

"Sikukutoa, Mwenyekiti. Ulitoka kwa miguu yako. Mswada unaanza kazi kesho."

Kesho yake watoto wa Majabalini walikwenda kunywa, ti, ti, ti, ti. Kiboko aliwatazama bila kusema neno, na hilo pekee lilikuwa jambo geni. Kabla jua halijawa kali mama zao wakawapanga juu ya mawe na kuwahesabu. Wakawahesabu tena, kwa mazoea. Wote walikuwapo.

Bi Pimbi alikaa Barazani miaka ishirini na minne.

Fundisho ni hili. Ukipewa kamati ya viti, lalamika mpaka wakupe nyingine. Na mkubwa anapoongea, msimwonee huruma kwa kumkatiza. Ni utovu wa adabu.

Ngano yangu imeketi. Mwenye yake asimame.