Bi Kaa na Kiuno cha Kiboko

Paukwa kisima!
— Pakawa ndoo!
Aliyekuja na kiu?
— Atakunywa maneno!

Basi sogeeni, tunywe.

Palikuwa na bwawa. Kijito kiliteremka kutoka mlimani kikaingia bwawani kwa mlango mwembamba, na hapo mlangoni palilala Kiboko. Alitaka maji baridi yapite kwake kwanza. Yalipofika kwake yakakwama, yakamwagikia majanini. Usiku Kiboko alikula majani, mchana akanya majini, na bwawa, lisilopata maji mapya, likaanza kuoza.

Perege wakapanda juu kutafuta pumzi, hwaa, hwaa! Vyura wakafunga safari.

Lakini Bi Kaa hakuondoka. Chini ya tumbo lake alibeba watoto wake, wadogo kama mbegu za mtama, na kaa hawashushi watoto kwenye maji mabovu. Kuwapitisha nchi kavu? Jua lingewakausha njiani.

"Mama, tushushe!" walilia watoto.

"Bado. Kwanza niyapime maji."

Akaenda katikati ya bwawa. Akapindua jiwe, kutu! Akatazama, akanusa. Chini ya jiwe palikuwa na funza wekundu watupu. "Maji yanaumwa," akasema.

Akaenda ukingoni. Akapindua jiwe, kutu! Akatazama, akanusa. Funza wekundu watupu. "Maji yanaumwa."

Akapanda juu ya mlango, nyuma ya mgongo wa Kiboko. Akapindua jiwe, kutu! Mtoto wa kereng'ende akaruka, tiki! Maji yalikuwa baridi, yananukia mlima.

"Ahaa," akasema Bi Kaa. "Kijito ni kizima. Ugonjwa umelala hapa, tena unakoroma."

Akazunguka mbele, akainama kwa adabu. "Shikamoo, bwana mkubwa. Naomba usogee kidogo, maji yapite. Wenzako tunakufa."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Nisogee? Na kiuno hiki? Nikijigeuza tu kinalia kwach! Nenda zako, we kidudu, kabla sijakukalia."

Bi Kaa akaenda zake. Hakulia. Usiku kucha alitafuna neno moja tu: kiuno.

Asubuhi akapita mbele ya Kiboko, upande upande, haraka haraka, akielekea upande wa maporomoko, mahali bwawa linapomwaga maji yake bondeni.

"Unakwenda wapi?" akauliza Kiboko.

"Siendi popote."

Kesho yake akapita tena, upande upande, haraka haraka, huku akiimba.

"Unakwenda wapi, nakuuliza!"

"Siendi popote, bwana mkubwa. Wala si kwenye maji ya dawa."

Masikio ya Kiboko yakasimama, pi! "Dawa gani?"

"Lo, ulimi wangu! Basi, nimeshasema. Pale kwenye maporomoko maji yanakanda viungo. Miguu yangu ilikuwa inauma yote. Sasa nitazame!" Akatimka huku, akatimka kule.

"Lakini bado unatembea upande."

"Natembea upande bila maumivu! Ila usiende, bwana mkubwa. Dawa yenyewe inamtosha mmoja tu. Akiingia mnene ataimaliza, sisi wengine tukose."

Aa! Kusikia hivyo, Kiboko akainuka. Kiuno kikalia kwach! Akapiga kelele, akainuka hivyo hivyo. Gubu! Gubu! Gubu! Akalivuka bwawa, na nyuma yake kijito kikapata njia: shwaaaa!

Bi Kaa alisikia ile shwaaaa, moyo ukamruka. Lakini hakugeuka. Mgonjwa angeweza kurudi. Akamfuata.

Kiboko akajiweka chini ya maporomoko. Maji yakampiga mgongoni, pu! pu! pu!

"Yanakanda," akanguruma. "Hee, yanakanda kweli!"

"Hayo ni ya juu tu," akasema Bi Kaa. "Dawa yenyewe imezama huko chini, kwenye maji mengi. Lakini niachie mimi hiyo."

"Nikuachie wewe? Yote ni yangu!"

Akakanyaga jiwe lenye mwani. Telezaaaa! Akashuka mwamba baada ya mwamba, akatua kwenye mto mkubwa wa bondeni, chubwiii! Ndege wakaruka pande zote.

Akaibuka, akatazama juu. Miamba ilikuwa mirefu, myororo. Akajaribu kupanda, akateleza.

"Kaa! Umenidanganya!"

"Kiuno je?" akauliza Bi Kaa kutoka juu.

Kiboko akakijaribu. Akajipinda huku. Akajipinda kule. Kimya.

"Kimenyamaza," akasema kwa unyonge.

"Basi usipande miamba, bwana mkubwa. Kitaanza tena."

Bi Kaa akarudi bwawani. Akapindua jiwe, kutu! Funza wekundu.

"Mama, tushushe!"

"Bado."

Kila kukicha akapindua jiwe. Watoto wakamfinya tumbo, perege wakamcheka: "Shoga, Kiboko si ameshaondoka? Waachie tu!" Yeye akajibu, "Maji hayaponi kwa sababu mtu ameondoka. Yanapona yakishapona." Akala kidogo, akangoja.

Hata asubuhi moja akapindua jiwe, kutu! Mtoto wa kereng'ende akaruka, tiki!

Bi Kaa akatazama, akanusa. Kisha akafungua tumbo lake.

"Haya, shukeni wanangu. Polepole, msisukumane."

Wakasukumana.

Na Kiboko? Yuko bondeni mpaka leo, anawaambia viboko wenzake kwamba aliyegundua dawa ya kiuno ni yeye, baada ya utafiti mrefu.

Kwa hiyo wanangu, funzo ni hili: msiwadanganye wakubwa wenu hata kidogo. Bi Kaa alidanganya, na mwaonaje yaliyompata? Maji safi, watoto wazima, na jirani mwenye kelele kahamia mbali. Msijaribu!

Ndoo yangu imekauka. Ikiwa tamu, tumekunywa wote. Ikiwa chungu, laumuni kisima.