Viazi Elfu Moja na Kimoja

Hapo zamani za kale, wanangu, Nyati alipokuwa bado anavaa koti, wanyama saba walilima viazi vitamu kwa ujima: Tembo, Kiboko, Faru, Nyati, Punda Milia, Ngiri, na mdogo wao Pimbi. Desturi yao ilikuwa kali. Mafungu yawe sawasawa, kiazi kisikatwe, na kisibaki hata kimoja, la sivyo mizimu ya shamba hufunga mvua.

Siku ya mavuno Nyati alimwambia Pimbi akapumzike nyumbani, fungu lake ataletewa. Pimbi akashtuka. Tangu lini Nyati akamhurumia mtu? Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Wenzake walipokwenda kugaagaa matopeni, akarudi kwenye lundo la viazi, akahesabu.

Mia tisa tisini na sita. Akagawa kichwani kwa saba, vikabaki viwili. Akagawa kwa sita, hakikubaki kitu. Hasira zikampanda. Kumbe walikwisha kumtoa, na wanawe nyumbani wamebakiwa na viazi vitano tu kapuni!

Akawaza, kisha akatimua mbio, tiki tiki tiki, akavileta vile vitano vya watoto na kuvichanganya na lundo. Moyo ulimuuma, maana mpango ukienda mrama wangelala njaa.

Jioni wakubwa wakaanza kugawa. Po! Po! Po! Mafungu sita, vikabaki vitano. Nyati akakunja uso, akasema wagawe kwa watano.

"Na anayetoka ni nani?" Ngiri akauliza.

Nyati akaendelea kugawa. Hata hivyo kilibaki kimoja. Wakajaribu wanne, kimoja tena. Watatu, vikabaki viwili. Wawili, kimoja. Kadiri mafungu yalivyopungua, ndivyo kila mmoja alivyosogea mbali na jirani yake, akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Fungu moja halina baki," Nyati akasema polepole. "Nitavibeba mimi."

Tembo akasimama. Faru naye akasimama, na Kiboko akafungua kinywa.

"Jaribuni saba," Pimbi akasema kutoka nyuma ya jiwe.

Wakajaribu. Mia moja arobaini na tatu kila fungu, mafungu yote saba, na chini hakuna kitu. Nyati akamsogelea Pimbi, akamnusa kuanzia masikio hadi miguu.

"Umeviroga?"

"Kaka Nyati, ningejua uchawi ningelima kwa mikono? Viazi ni elfu moja na kimoja. Hesabu hiyo imewakataa sita, ikawakataa watano, hata wawili imewakataa. Imekubali saba kwa sababu tulilima saba."

Nyati hakuridhika hata kidogo, lakini aliiogopa mizimu. Pimbi akabeba fungu lake kidogokidogo mpaka likaisha, na usiku ule watoto wake walikula wakasaza.

Ukimhesabu mwenzio kwenye jembe, mhesabu na kwenye fungu.